Pikipiki Kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Likizo imeanza! Wiki nzima bila kuuza kioo. Watu hawajui adha ya kufanya kazi katika duka la vioo. Kutwa unatembea kwa ncha za vidole kama mwizi, na nyundo hairuhusiwi hata kutajwa. Mtu mwenye kipaji cha ufundi kama mimi anaozea mle ndani.

Pikipiki ya marehemu baba mkwe iko stoo kwangu tangu mazishi. Tangu siku hiyo haijaunguruma. Leo asubuhi amekuja Shemeji, kaka yake Mke, kuitazama. Ana duka la magodoro na anajiona. Kaizunguka, mikono nyuma, kasema mashine imekufa, tusijidanganye. Anataka kuisimamisha juu ya zege mbele ya duka lake, aipake rangi ya dhahabu, alaze godoro juu yake. Eti tangazo. Godoro! Juu ya pikipiki ya mzee!

Damu ikanichemka. Kabla sijafikiri nikasema nitaitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama mkwe hakucheka. Yuko kwetu kwa mapumziko na siku hizi masikio yake yanachagua cha kusikia, lakini hilo alilisikia. Akatafakari, kisha akakata shauri. Jumapili anakwenda kumwona mdogo wake kule bondeni. Zamani mzee ndiye alikuwa akimpeleka, kwa pikipiki hii hii. Basi nikiweza kumpeleka nayo, ni yangu. Nikishindwa, Shemeji aje na gari lake aichukue, na yeye hataki kusikia tena habari zake.

Shemeji alikubali upesi mno. Mke akaniita pembeni akanikumbusha pasi. Akanikumbusha feni. Akanikumbusha saa ya ukutani, ambayo tangu niitengeneze inarudi nyuma. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi ulinijia na wazo. Mafundi wa kawaida hufungua mashine, hutupa vyuma vyote kwenye kopo moja, halafu hulalamika. Mimi nina mfumo. Kila kifaa kinachotoka kinabanwa kwenye kamba ya nguo kwa kibanio, kwa mpangilio wa kutoka kwake. Wakati wa kurudisha unaanzia mwisho wa kamba, unarudi mwanzo. Hata mtoto anaweza. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili!

Kazi tamu! Kiti kimetoka. Tangi limetoka. Kabureta, plagi, mnyororo, mfuniko wa klachi, vyote vimetoka. Tangi lilinisumbua kidogo. Chini yake kuna koki ndogo iliyosimama wima, na petroli ilikuwa ikinidondokea kiatuni. Nimeigeuza koki ikalala ubavu, petroli ikakoma. Halafu inapendeza zaidi ikiwa imelala. Nitaiacha hivyo hivyo.

Kufikia mchana kamba imejaa kutoka nguzo hadi nguzo. Nguo za Mke zimebanana upande mmoja, lakini vizuri havikosi gharama. Mnyororo niliuchovya kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria kubwa ya Mke, ile mpya, kwa sababu za zamani zina matundu. Nitaiosha.

Jua likawaka, vyuma vikameta. Nikavuta kiti nikakaa kuvitazama. Nilikuwa na furaha, wacha niseme ukweli. Baba mkwe alipenda kuifungua pikipiki hii jioni jioni, na miaka yote ile niliruhusiwa kushika tochi tu. Nikinyoosha mkono kuelekea spana, alikohoa. Nikiurudisha, alinyamaza. Leo spana zake zote ziko kwangu na hakuna anayekohoa. Nimemkumbuka sana yule mzee. Nisingeweza kuona godoro juu ya kiti chake.

Jumatano, 5 Machi

Msiba!

Asubuhi nilikwenda kununua plagi mpya. Muuza spea akaniuliza ni ya pikipiki gani. Nikamwambia nyekundu. Akaniuliza tena, pole pole. Nikamwambia nyekundu iliyopauka. Akanitazama kwa huruma, akaniomba nilete plagi ya zamani. Kumbe nilikuwa nayo mfukoni. Tukaelewana.

Nikiwa pale dukani mvua ikashuka. Si mvua ya kuombea, ile ya kufagia. Mke kazini. Nyumbani Mama mkwe peke yake.

Sasa Mama mkwe ni mtu wa moyo safi. Kuona mvua, akatoka mbio na beseni, akaanua kila kitu kilichokuwa kambani. Kila kitu! Shuka, soksi, kabureta. Hakuishia hapo. Alikaa sebuleni akavifuta vyuma vyangu kimoja kimoja kwa kitambaa, halafu akavipanga. Kwa ukubwa. Vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, vinavyong'aa mahali pao. Bolti alizitia ndani ya soksi zangu, soksi akazikunja jozi jozi zisipotee.

Nilipoingia nimelowa chapachapa, akaniambia huku akitabasamu, "Mwanangu, leo nimekuokolea vitu vyako." Ningesema nini? Nikasema ahsante Mama, umenisaidia sana. Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikaegemeza paji la uso ukutani.

Mke amerudi akaona sufuria. Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Mfumo umekufa, akili ingalipo. Kila chuma duniani kina mwenzake, kazi ya fundi ni kuwakutanisha. Kisichoingia hapa kitaingia pale. Kisichoingia kokote kinahitaji nyundo. Nyundo! Wiki hii peke yake imenifidia miaka yote ya kule dukani.

Ajabu, vimeingia. Si vyote kwa hiari, lakini vimeingia. Mchana Mama mkwe alileta kiti akakaa mlangoni mwa stoo, akawa ananipitishia bolti kutoka kwenye soksi. Nilimwambia kuwa mzee angefurahi. Akasema mzee angekohoa. Tukacheka sote.

Kimebaki kitu kimoja. Springi ndogo, iliyojikunja, yenye miguu miwili mifupi. Mama mkwe anaapa ilitoka kambani pamoja na vyuma vingine. Nimeizunguka pikipiki nzima nikitafuta nyumba yake. Nimelala chini, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna tundu. Hakuna alama.

Na Mke naye kachagua saa hiyo hiyo kuja kulalamikia vibanio vyake vya nguo. Eti vyuma vizito vimevivunja, vipande vimezagaa ua mzima. Sikumsikiliza sana. Mtu ana springi mkononi, anaambiwa habari za vibanio!

Mwishowe nikaibana kati ya kabureta na kichujio cha hewa, mahali palipoonekana pana upweke. Ikatulia tuli. Moyoni nikajua hapo ndipo pake.

Ijumaa, 7 Machi

Haiwaki.

Nimepiga kiki mpaka paja limekufa ganzi. Nimepumzika, nimekunywa chai, nimerudi, nimepiga tena. Inasema puf, kisha kimya. Nimetikisa tangi, mafuta tele, yanacheza ndani. Plagi mpya inatoa cheche za kupendeza. Mafuta yapo, moto upo. Inataka nini tena? Bembelezo?

Katikati ya mateso haya anaingia nani? Shemeji, na futi kamba. Anapima urefu wa pikipiki kwa ajili ya zege lake! Mimi napiga kiki, yeye anapima. Akaniomba nitulie kidogo, nimsimamie usukani usiyumbe, apime upana. Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikamshikia!

Baadaye akanihurumia, akasema nimpishe, mashine inataka mtu mzito. Akapiga kiki moja ya nguvu. Soli ya kiatu chake ikabanduka. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Hapo akatega sikio kwenye injini, akasema pistoni imechoka. Nikamwambia pistoni iko imara, ni kabureta inaringa. Akasema ni pistoni. Nikasema ni kabureta. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akaondoka akiburuza kiatu.

Mke kaja kuniona baadaye nimekaa chini kando ya gurudumu. Hakusema neno juu ya pasi wala feni. Aliketi karibu nami kidogo, akanifuta grisi shavuni, akauliza kama nitaumia sana ikichukuliwa. Nikamwambia nitaumia. Akasema hata yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, na mwenye macho haambiwi tazama. Barabara ya kwenda bondeni ni mteremko!

Kutoka getini kwetu hadi karibu na mlango wa Mama Mdogo ni kushuka tu, isipokuwa pale chini kwenye uwanja, ambapo ni tambarare kidogo. Mama mkwe hakusema iwake. Alisema impeleke. Nitampakia, nitaachia breki, tutateleza kwa heshima zote mpaka kwa mdogo wake. Masikio yake hayatagundua. Akiuliza mbona kimya, nitamwambia injini ikitengenezwa vizuri huwa haipigi kelele. Jambo ambalo si uongo. Ni ukweli ambao haujafika.

Nimeishuka njia yote kwa miguu kukagua. Kona ya kwanza salama. Ya pili ina mchanga. Pale uwanjani nitahitaji kufika na kasi, kwa hiyo breki isiguswe kabisa.

Nilijaribu pia mlio wa injini kwa mdomo, nyuma ya stoo, ili uwepo kama akiba. Mke alitoka mbio akanipigapiga mgongoni, akidhani nimepaliwa. Mlio nimeuacha.

Kuhusu kurudi, bado sijafikiria. Mambo ya kurudi ni ya waliokwisha kufika.

Jioni dhamira ilinisuta kidogo. Mama mkwe alikuwa ameitoa kofia ngumu ya marehemu, anaipangusa vumbi mapajani mwake pole pole, kwa pindo la kanga. Kumdanganya mtu kama huyo! Nilikaribia kumweleza. Kisha nikaona ile rangi ya dhahabu, nikaona lile godoro, nikaenda kujaza tairi upepo.

Jumapili, 9 Machi

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi nimevaa shati la sherehe. Nikatia ufunguo, nikawasha swichi ili nipate honi. Honi ni muhimu kwa asiye na breki. Mama mkwe akapanda nyuma kama msichana, kofia ya mzee ikimfikia kwenye nyusi. Mke akasimama getini, mikono kichwani. Nikasukuma kwa miguu, nikaachia.

Tukateleza! Upepo mwanana, kimya kitupu, tairi tu zikinong'ona barabarani. Tulikuwa hata hatujafika kona ya kwanza Mama akainama, akapitisha mkono kando ya goti langu, akashikashika chini ya tangi. Nikadhani anatafuta pa kujishikilia. Nikamwambia kwa sauti anishike kiuno. Akanipigapiga bega taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi yake, akanishika.

Kona ya kwanza, safi. Ya pili, mchanga, nikasoma dua zote ninazozijua na moja ya kubuni. Tukatokea uwanjani kwa kasi nzuri. Na pale uwanjani, wamechagua leo, watoto wanacheza mpira katikati ya barabara! Honi ikatoa mlio wa kifaranga. Na pembeni kabisa, nani kaegesha gari lake? Shemeji. Kamba ya kuvutia iko tayari mkononi, na kiatu kipya.

Nikasahau mpango wote. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Kumbe nimekanyaga gia.

Pikipiki ikaruka. Ikakohoa. Ikatema moshi mweusi, na wote ukamwendea Shemeji usoni. Halafu ikaunguruma!

Iliwaka! Yenyewe! Watoto wakatawanyika wakishangilia, nasi tukapita katikati yao. Mlio ulikuwa ule ule wa mzee, mzito, wenye kikohozi kidogo kila baada ya muda. Nilihisi paji la uso la Mama mkwe likiegemea mgongoni kwangu, kofia na yote. Nami macho yalinilowa, na sitasingizia upepo.

Tulipokaribia nyumba ya Mama Mdogo, Mama akaniambia sikioni, "Usisimame bado, baba. Twende mbele kidogo." Tukapita getini, Mama Mdogo akibaki na mikono hewani. Tukaenda mbele kidogo. Kisha tukaenda mbele kidogo tena.

Baadaye tumekaa kwa Mama Mdogo, na Shemeji amefika, uso una masizi. Mama mkwe akasimulia safari nzima. Nilitaka kuingia chini ya meza. Kumbe alisikia kila kitu! Kasema sehemu ya mwanzo ilikuwa tulivu, naye alidhani mkwe wake anabana matumizi ya mafuta. Kisha akasema marehemu naye alikuwa hivyo hivyo. Kila safari alisahau kufungua koki ya mafuta, na kila safari yeye ndiye aliyemfungulia kutoka nyuma, bila kumwambia, ili asimvunjie heshima. Leo mkono umekwenda wenyewe.

Wote wakacheka mpaka wakafuta machozi. Shemeji akanikazia macho muda mrefu sana. Wivu, huo. Nami nikacheka, kwa adabu. Umri ni kitu cha kuheshimiwa, na Mama hupenda kuchanganya mambo. Koki ile niliigeuza kwa sababu tu ilikuwa inapendeza ikilala. Koki haiwashi pikipiki. Aliyebaki na akili timamu anajua wazi kilichoiwasha. Springi!

Nikipiga kiki nimesimama, springi ililala. Nilipoteremka, mtikisiko ukaiamsha. Hata mtoto anaona. Dua la kuku halimpati mwewe, na zege la Shemeji litabaki bila pikipiki.

Mama mkwe ametamka mbele ya mashahidi kwamba pikipiki ni yangu. Sharti moja tu: kila Jumapili nimpeleke kwa mdogo wake, na kila Jumapili twende mbele kidogo. Nimeapa. Sijawahi kuapa kwa moyo mkunjufu namna hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nilipaswa kurudi dukani leo. Nimewatumia ujumbe kwamba mgongo unauma, na si uongo, umelaliwa na kofia ngumu.

Asubuhi Mke aliingia stoo, akachungulia pale kwenye kabureta, akaichomoa springi yangu kwa vidole viwili. Akaiweka mezani. Kando yake akaweka kibanio cha nguo kizima, akakitenganisha polepole mbele ya macho yangu. Springi mbili, kama pacha. Akanisubiri.

Nikazitazama vizuri. Nikakubali. Mimi si mtu wa kubisha pasipo na ubishi. Ni springi ya kibanio.

Basi fikiria! Kama springi moja ya kibanio, tena kuukuu, imeweza kuamsha pikipiki iliyolala tangu mazishi, zikiwa nyingi je? Na Mke ana pakiti nzima mpya, ameinunua juzi kufidia vilivyovunjika. Nilimweleza kwa subira. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nadhani anamsema kaka yake.

Pakiti yote nimeitenganisha. Springi zimetoka za kumeta, nzuri mno. Ili kuzipatia nafasi, nimelazimika kuifungua pikipiki upya. Kazi imekwenda haraka, mkono umekwisha kuzoea. Tangi lilianza kudondosha petroli tena, nikailaza koki, ikaacha. Ule mfumo wa kamba haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la mvua. Kwa kuwa vibanio havipo tena, nimevifunga vyuma kwa uzi. Kuanzia nguzo hadi nguzo vinameta, na nimevuta kiti changu mbele yake. Raha iliyoje! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mama mkwe amechungulia dirishani, akatazama juu, akauliza kama aliweke beseni karibu na mlango. Nimemwambia apumzike tu. Haya mawingu ni ya kupita, na Jumapili iko mbali.